Kujifunza Ukubwani kwa Simu: Kumbukumbu kutoka Kibaoni, Ifakara

Pedagojia ya kidijitali ni taaluma inayoshughulikia namna ufundishaji na ujifunzaji unavyopangwa pale ambapo simu, kompyuta, vishikwambi na intaneti vinachukua sehemu ya kazi iliyokuwa ikifanywa na ubao, kitabu na sauti ya mwalimu aliyesimama mbele ya darasa. Wengi hudhani kwamba taaluma hii ni ujuzi wa kutumia vyombo, yaani kufungua programu, kupakia faili au kuendesha mkutano wa video, ilhali ujuzi huo hupatikana kwa siku chache na hauondoi maswali ya zamani ambayo kila mwalimu hukutana nayo: anayefundishwa ni nani, tayari anajua nini, atafanya nini na kile alichokisikia, na nani atamjibu pale atakapokwama. Kumbukumbu zinazoelezwa hapa zimetokana na jitihada za kundi dogo la watu wazima wa Kibaoni, wakiwamo wauguzi, walimu wa shule za msingi na wakulima wa mpunga, waliojaribu kujiendeleza kwa simu zao wenyewe baada ya saa za kazi, na hoja inayojengwa juu yake ni kwamba Tanzania ilikwisha kuyajibu maswali hayo kwa redio miaka hamsini iliyopita, na kwamba mafunzo mengi ya mtandaoni yanayokwama leo hukwama kwa sababu yameacha yale ambayo redio ilifanya vizuri.

Kibaoni ni kata ya mji wa Ifakara, mkoani Morogoro, katika bonde ambalo upande mmoja linazuiwa na Milima ya Udzungwa na katikati yake hupita Mto Kilombero, ambao masika yakiwa mazuri hufurika na kuyafunika maeneo makubwa ya mashamba. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita hapo, lakini kwa miaka mingi mtu aliyetoka Ulanga au Malinyi kuja Ifakara alilazimika kungoja kivuko, na hali hiyo haikubadilika hadi lilipojengwa daraja lililozinduliwa rasmi mwaka 2018. Wakati huohuo, Ifakara ni mji wa usomi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha: mwaka 1956 mtaalamu wa Uswisi, Rudolf Geigy, alianzisha hapo maabara ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto ambayo baada ya mabadiliko kadhaa ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara, mwaka 1961 kikafunguliwa kituo cha kufundishia watumishi wa afya wa vijijini, na mwaka 2010 kikaanzishwa chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya karibu na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Imekuwa jambo la kawaida, basi, kwamba utafiti uliofanyika Ifakara husomwa Basel na London ndani ya wiki ileile unapochapishwa, huku muuguzi wa zahanati iliyo ng'ambo ya mto, ambaye pengine ndiye aliyejaza fomu za utafiti huo, asiuone kamwe.

Hali hiyo inaeleweka vizuri zaidi kwa msaada wa nadharia ya umbali wa kimaingiliano, inayohusishwa na Michael Moore, msomi wa elimu ya masafa ambaye katika miaka ya 1960 alifanya kazi ya elimu ya watu wazima nchini Kenya kabla ya kwenda Marekani. Nadharia hiyo hudai kwamba umbali unaomdhuru mwanafunzi si ule wa kilomita, bali ni pengo la uelewa kati yake na anayemfundisha, na kwamba pengo hilo hupanuka au kupungua kutegemea mambo matatu: wingi wa mazungumzo, mpangilio wa somo, na uwezo wa mwanafunzi kujiongoza mwenyewe. Mtu aliyeketi darasani mita mbili kutoka kwa mhadhiri asiyeruhusu maswali anaweza kuwa mbali kuliko mkulima aliye Mlimba ambaye barua yake hujibiwa. Kwa bonde ambalo watu wake wamezoea kuhesabu umbali kwa siku za mvua, nadharia hii ina faida ya pekee, maana huonyesha kwamba daraja na mnara wa simu, pamoja na umuhimu wake wote, huondoa aina moja tu ya umbali.

Mfano mkubwa wa kupunguza umbali wa aina ya pili ulifanyika nchini mwaka 1973, katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imekwisha kufanya majaribio madogo ya vikundi vya kusikiliza redio: Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, na Wakati wa Furaha mwaka 1971, ulipotimia mwaka wa kumi wa uhuru. Mtu ni Afya ilichukua utaratibu uleule na kuupanua kwa nchi nzima. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, watu wapatao milioni 2 wakashiriki, na kwa wiki kumi na mbili vikundi vilikutana chini ya mwembe, shuleni au nyumbani kwa mtu mwenye redio ili kujifunza kuhusu malaria, kichocho, kuhara na magonjwa mengine yanayoweza kuzuilika. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai.

Idadi hizo huwavutia wanahistoria, lakini kwa mpangaji wa masomo jambo la thamani zaidi ni utaratibu wa kikao kimoja. Redio ilisikilizwa kwanza, kwa muda mfupi. Kisha mtu anayejua kusoma akasoma kwa sauti sehemu ya kitabu iliyohusu somo hilo. Kisha kiongozi, ambaye alifundishwa asihutubie bali aulize, akaanzisha mazungumzo juu ya namna tatizo lilivyo kijijini kwao. Na mwisho kikundi kikaamua kazi moja ya kufanya kabla ya kukutana tena, iwe ni kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba au kufukia madimbwi. Mzee mmoja wa Kibaoni aliyekuwa kijana wakati huo hakukumbuka hata kipindi kimoja cha redio alipoulizwa na mwandishi wa kumbukumbu hizi, ila alikumbuka bila kusita ni nani aliyekataa kuchimba choo, sababu aliyoitoa, na jinsi kikundi kilivyokwenda kwake siku ya pili na majembe. Redio ilileta maneno. Kilichobaki kwa nusu karne ni mabishano na kazi ya mikono.

Bonde lenyewe liliwahi pia kuwa uwanja wa somo jingine la aina hiyo. Kuanzia mwaka 1997, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, uliendeshwa mradi wa vyandarua vilivyotiwa dawa ambao bidhaa zake ziliuzwa kwa jina la Zuia Mbu, na ambao mafanikio yake yalichangia kuanzishwa kwa mpango wa taifa wa hati punguzo kwa wajawazito. Watu hawakufundishwa kwa tangazo pekee. Kulikuwa na mikutano ya vijiji, wauzaji waliochaguliwa miongoni mwa wenyeji, na watumishi wa zahanati waliokuwa tayari kujibu maswali ambayo hakuna bango linaloweza kuyajibu, kwa mfano kama dawa ile itamdhuru mtoto mchanga, au kwa nini chandarua kipya kinawasha usoni.

Ukilinganisha na hayo, mwaka 2020 ulikuwa somo gumu. Serikali ilipofunga shule kuanzia Machi 17 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, masomo yakaanza kurushwa kwa redio na televisheni, na vyuo vikahimizwa kutumia mtandao mpaka vilipofunguliwa Juni 1, huku madarasa mengi ya shule yakirejea Juni 29. Juhudi hizo zilistahili heshima kwa namna zilivyoandaliwa haraka, lakini kilichofanyika kilikuwa ufundishaji wa dharura, yaani kuhamisha somo la darasani na kulipeleka hewani jinsi lilivyo, na si elimu ya masafa iliyopangwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtu asiyeonana na mwalimu, kama ile ambayo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwa kikiijenga tangu kilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Baadhi ya wanakundi wa Kibaoni walikuwa wakisoma kwa masafa katika chuo kimoja ambacho, kipindi hicho, kiliwatumia mafaili mazito ya kurasa zilizopigwa picha kutoka kwenye daftari la mkufunzi, nyingine zikiwa zimelala ubavu, bila swali hata moja la kujibu wala tarehe ya kujadiliana. Faili moja lilitosha kumaliza bando la siku nzima, na msomaji alipofika mwisho wake alikuwa hajui kama ameelewa au amepita tu. Ajabu ni kwamba chuo hicho kilihesabu kuwa kimefundisha, kwa kuwa mafaili yalikuwa yameonekana kupokelewa.

Kutokana na mafaili hayohayo ndipo kundi la Kibaoni lilipozaliwa. Mahali pa kukutania palikuwa kibaraza cha steshenari moja iliyo kando ya barabara kuu, ambayo ilikuwa na umeme, printa, na kijana mwenye subira ya kurushia watu mafaili kutoka simu moja hadi nyingine bila kutumia bando. Lakini kwa sababu wauguzi huwa zamu na wakulima huwa shambani, sehemu kubwa ya kazi ilihamia kwenye grupu la WhatsApp. Wataalamu hutofautisha ujifunzaji wa wakati mmoja, ambapo wote huwa hewani kwa pamoja kama katika mkutano wa video, na ujifunzaji wa nyakati tofauti, ambapo kila mtu husoma na kujibu anapopata nafasi. Vyuo vingi huupenda ule wa kwanza kwa kuwa unafanana na darasa, lakini kwa mtu mzima mwenye watoto, zamu na mtandao unaokatika mvua ikinyesha, wa pili ndio unaofaa, mradi tu muda wa kusubiri jibu usiwe mrefu kiasi cha kumkatisha tamaa.

Somo moja likitazamwa kwa karibu litaonyesha jinsi kazi ilivyokwenda. Mwongozaji wa kundi alituma swali fupi jioni: mtoto wa miezi mitano anaharisha, mama yake amempa maji ya chumvichumvi kama alivyoelekezwa, zinki atapewa kiasi gani na kwa siku ngapi? Hakutuma somo kwanza, bali alitanguliza swali, na huo ndio utaratibu ambao wataalamu huuita darasa geuzi, ambapo mwanafunzi hukutana na tatizo au maandishi akiwa kwake, na muda wa pamoja huachwa kwa ajili ya majadiliano. Muuguzi mmoja alijibu kwa sauti, akarekodi, akafuta, akarekodi tena: kidonge kimoja cha miligramu 20, siku kumi hadi kumi na nne. Baada ya muda sauti nyingine ikaingia, ya mkunga mwenye umri mkubwa kuliko wote: "Dada, hebu angalia tena umri wa mtoto." Kimya kidogo, kisha: "Ahaa, hajatimiza sita. Nusu kidonge basi, miligramu 10. Ahsante, mama." Mwongozaji hakusema kwamba jibu ni sahihi, aliuliza kwa nini umri wa miezi sita ndio umewekwa kuwa mpaka, na ni nani atakayemweleza mama huyo namna ya kukigawa kidonge na kukiyeyusha kwenye kijiko cha maziwa yake mwenyewe. Majibu ya swali hilo la pili yalichukua siku mbili na yalikuwa na mafunzo kuliko kurasa zote za faili.

Jambo linaloonekana hapo ni kwamba kosa lilitokea hadharani, likasahihishwa kwa heshima, na likabaki kwenye simu za wote ili lisikilizwe tena. Katika darasa la kawaida mtu mzima huficha asichokijua, hasa mbele ya aliyemzidi umri, na wapangaji wa mafunzo wasiolijua hilo hushangaa kwa nini maswali yao ya "kuna mwenye swali?" hayapati jibu. Sauti iliyorekodiwa humpa mtu nafasi ya kufikiri na kufuta kabla ya kusikika. Kwa upande mwingine, grupu lina madhara yake: picha za maua za kutakiana asubuhi njema, matangazo ya mikopo, na mjadala wa mpira vinaweza kulifukia somo la jana kwa saa moja, hivyo ilibidi kundi liwe na magrupu mawili, moja la somo ambalo admini hufuta kila kisichohusika, na jingine la maongezi ambalo, bila shaka, lilichangamka zaidi.

Suala la kusahau nalo lilihitaji mpango. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa majaribio aliyojifanyia mwenyewe, kwamba mambo mengi yaliyojifunzwa hupotea haraka ndani ya siku za mwanzo, na kwamba kuyarudia kwa vipindi vilivyoachana hupunguza upotevu huo. Tafiti za baadaye zimeongeza kwamba kujiuliza swali na kujaribu kujibu bila kutazama husaidia kuliko kusoma upya maandishi yaleyale. Kwa hiyo swali la zinki lilirejeshwa baada ya siku chache likiwa na mtoto wa mwaka mmoja, na baadaye tena likiwa limefichwa ndani ya kisa kirefu cha mtoto mwenye homa na kuharisha kwa pamoja. Kwa kazi hii simu ya kitochi haikuwa nyuma ya simu janja, kwani ujumbe mfupi wa maandishi unatosha kubeba swali moja, na wanakundi wasio na simu janja waliulizwa kwa njia hiyo. Nchini Kenya, kampuni ya Eneza imejenga huduma nzima ya masomo juu ya ujumbe mfupi kwa sababu hiyohiyo, na hapa nchini Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013, nayo imetumia ujumbe mfupi sambamba na tovuti.

Msomaji makini anaweza kuuliza kama haya yote hayapingwi na jaribio kubwa lililofanyika mkoani Tanga, ambako shindano la Global Learning XPRIZE liliweka vishikwambi mikononi mwa watoto wa vijiji vipatavyo 170, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia darasani, ili kuona kama wanaweza kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili bila mwalimu. Kabla ya jaribio zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu, na mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa kati ya Kitkit School na onebillion. Matokeo hayo si madogo na hayafai kubezwa, lakini jina la "bila mwalimu" linaficha mengi: kila kijiji kilikuwa na mama aliyepewa jukumu la kuangalia vifaa na kuwahimiza watoto, kulikuwa na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua, na programu zenyewe zilikuwa zimejaa mwalimu ndani yake, yaani uamuzi wa mtu mzima fulani kuhusu herufi ipi itangulie, lini mtoto arudie na lini apandishwe. Pamoja na hayo, nusu ya wale waliokuwa hawajui kusoma neno walibaki hawajui, na hao ndio ambao kishikwambi hakikuwa na la kuwaambia zaidi.

Vishikwambi vilifika pia kwa walimu wa Kibaoni, kwa njia nyingine: baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, serikali iliamua vifaa vilivyotumiwa na makarani vigawiwe walimu nchini. Ulikuwa uamuzi wa busara, na baadhi ya walimu waliokuwa kwenye kundi walikitumia kifaa hicho kusoma vitabu vya kiada vilivyowekwa mtandaoni na Taasisi ya Elimu Tanzania, hasa pale nakala za karatasi zilipokuwa chache. Wengine walikiweka kabatini kwa kuogopa kisiharibike, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa mwalimu aliyekabidhiwa mali ya serikali kwa sahihi yake hufikiria kwanza atakavyoirudisha kabla ya kufikiria atakavyoitumia.

Kwa wakulima, jambo lililofundisha zaidi lilikuwa kilimo shadidi cha mpunga. Njia hii ilianzia Madagaska katika miaka ya 1980 kwa kazi ya padri Henri de Laulanié, na huelekeza miche ihamishwe ikiwa michanga, ipandwe mmoja mmoja kwa nafasi pana ya takriban sentimeta 25, na shamba linyweshwe na kukaushwa kwa zamu badala ya kulifurisha wakati wote. Bonde la Kilombero limewahi kuona mafunzo ya njia hiyo, likiwamo eneo la Mngeta, na video zake zimejaa YouTube kwa lugha nyingi. Wakulima wa kundi walizitazama kwa hamu, wakarushiana, na wakaanza kubishana, na ubishi wao ndio uliokuwa elimu yenyewe. Aliye na shamba kwenye skimu ya umwagiliaji aliweza kufunga na kufungua maji kama video ilivyoonyesha. Aliyelima bondeni, ambako maji huja yenyewe kutoka mtoni na kuondoka yanapotaka, aliona wazi kwamba mche mchanga mmoja uliopandwa mbali na wenzake ungezama wiki ya pili. Hakuna video iliyosema hivyo. Aliyesema ni mkulima mwenzao, na hitimisho lililofikiwa, kwamba bondeni wachukue nafasi na mistari lakini waache umri wa mche na ukaushaji, halikuandikwa na mtaalamu yeyote.

Hapo ndipo panapojitokeza stadi ambayo mtu anayejifunza maisha yake yote hawezi kuikwepa, nayo ni kupima chanzo cha maarifa kabla ya kukitumia. Kupima huko si kuuliza tu kama habari ni ya kweli au ya uongo, jambo ambalo kampeni dhidi ya uzushi wa mtandaoni zimelisisitiza sana. Ni kuuliza pia habari hiyo ni kweli wapi, kwa udongo gani, kwa mgonjwa wa umri gani, na nani aliyelipia itengenezwe. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inaweza kumfungulia mtu mlango wa mada asiyoijua, na masomo ya Khan Academy yaliyotafsiriwa yanaweza kumrudisha mwalimu kwenye hesabu aliyoisahau, lakini vyanzo hivyo vyote havijui kama msomaji yuko Kibaoni au Nairobi. Lugha nayo ni kikwazo ambacho mara nyingi hupitwa haraka katika mijadala ya aina hii: sehemu kubwa ya kozi za bure za vyuo vya nje ni za Kiingereza, na mtu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakariri sekondari kwa Kiingereza, anaweza kufuata maneno yote ya mhadhara na asiweze kumweleza jirani yake alichojifunza. Kundi liliweka kanuni kwamba somo halijaisha mpaka mwanakundi mmoja alieleze kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa dakika zisizozidi tatu.

Utafiti mmoja wa hivi karibuni unafaa kutajwa kwa sababu unawagusa wauguzi na matabibu moja kwa moja. Katika vituo vya afya vya mikoa ya Morogoro na Mbeya, Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake wa Uswisi walijaribu ePOCT+, programu ya kwenye kishikwambi inayomwongoza mhudumu hatua kwa hatua anapomchunguza mtoto mgonjwa, ikimkumbusha kuuliza, kupima na kuchagua matibabu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba watoto walioandikiwa viuavijasumu walikuwa takriban asilimia 23 katika vituo vilivyotumia programu hiyo, wakati katika vituo vya kawaida walikuwa takriban asilimia 70, bila watoto kuzidi kushindwa kupona. Wasifiaji wa teknolojia huishia hapo. Hata hivyo, programu hiyo haikwenda peke yake: iliambatana na mafunzo, na ufuatiliaji wa wahudumu kazini, na takwimu za kulinganisha kituo kimoja na kingine ili wahudumu waone mwenendo wao. Swali ambalo wauguzi wa Kibaoni walilijadili kwa muda mrefu ni kama mhudumu anayefuata kishikwambi anajifunza au anatii tu, na wengi walikubaliana kwamba hutegemea kama kuna mtu wa kumuuliza "kwa nini" siku programu inapompa jibu asilolitarajia.

Gharama ndiyo iliyobaki kuwa tatizo lisilo na suluhisho zuri. Mwongozaji alijifunza kutuma sauti badala ya video, maandishi badala ya picha, na kupanga mafaili yapakuliwe usiku ambapo bando ni nafuu, lakini mwenye kipato kidogo aliendelea kutoweka kwenye grupu mwisho wa mwezi na kurudi baada ya mshahara au mavuno, akikuta mazungumzo yamepita. Kulikuwa na pendekezo la kuhamishia masomo kwenye mfumo wa Moodle, ambao ni wa bure na hutumiwa na vyuo vingi, ili yahifadhiwe kwa mpangilio na kila mtu aendelee pale alipoachia. Wapinzani wakajibu kwamba mfumo huo unadai nywila, kompyuta na mtu wa kuuhudumia, na kwamba WhatsApp tayari ipo mfukoni. Mjadala huo ulipokuwa haujaisha, ukaingia mwingine: wanakundi wakataka vyeti, maana waajiri huviuliza na muuguzi anayehuisha leseni huhitaji kuthibitisha kwamba amejiendeleza, ilhali kundi la kibarazani halina mamlaka ya kutoa cheti kwa mtu yeyote. Hadi kumbukumbu hizi zinaandikwa, walioomba cheti ni wengi kuliko walioomba somo linalofuata, na mwongozaji bado anatafuta chuo kilicho tayari kuwapima watu kwa wanayoyajua, bila kuwarudisha kwanza kwenye mafaili.